Rilizi ya Jebet

Laban Chelule alikuwa mlinzi wa kizuizi. Kile cha chuma, chekundu na cheupe, kwenye mlango wa maegesho ya jengo moja pale The Pearl, mtaa wa matajiri wa Doha, Qatar. Gari likija, anabonyeza, chuma kinapanda. Gari likipita, chuma kinashuka. Miaka tisa. Watu wa kwao Nandi walipomuuliza kazi yake Doha ni gani, alijibu: "Ninaruhusu watu kupita."

Haikuwa uongo. Ila yeye mwenyewe hakuruhusiwa. Mara tatu aliomba rilizi, na mara tatu alinyimwa. Rilizi ni karatasi. Ukurasa mmoja, una mhuri, unasema kwamba kafili wako, yaani bwana aliyekuleta, hana pingamizi ukienda kufanya kazi kwa mwingine. Bila hiyo unakaa ulipo. Mara ya kwanza Laban alikataliwa kwa maneno. Mara ya pili kwa kimya. Mara ya tatu karani alimpa chai kwanza, ndipo akamkatalia, na Laban akawaambia wenzake kwamba ameona maendeleo.

Kwa hiyo neno hilo alilijua. Shule aliishia darasa la tatu, lakini kwa rilizi alifika chuo kikuu.

Ijumaa moja ya Juni, mwaka wa 2015, alikuwa ameketi Mesaimeer, kwenye kivuli cha ukuta, akingoja ibada ya saa tisa. Makanisa yote ya Doha yako pale, na Wakenya na Waganda hukutana pale kila Ijumaa, aliye na dini nyingi na aliye nayo kidogo. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, basi chupa za maji zilikaa mikobani kwa adabu. Upande mmoja wa Laban aliketi Augustine, Mganda, mlinzi mwenzake. Augustine aliwahi kupata rilizi, moja, na tangu siku hiyo aliongea kama wakili. Upande wa pili aliketi Nyanchama, Mkisii, anayetandika vitanda hotelini. Nyanchama alimaliza kidato cha nne. Alikuwa na simu kubwa na mdomo wa kutosha.

Simu ya Laban ikalia. Alikuwa Jebet, bintiye pekee, aliye Marekani.

Jebet alipelekwa huko na miguu yake. Chuo kimoja cha kule, kwenye jimbo la mahindi matupu, kilimwona akikimbia Kapsabet kikampa ada, kitanda na chakula, ili aje awakimbilie. Alikwenda kusomea unesi. Kijiji kizima kilijua hivyo. Miaka miwili sasa, na tayari wazee wawili walikuwa wakimpigia simu Marekani kumweleza maumivu ya mgongo.

Laban aliweka simu kwenye spika, kwa kuwa sikio lake la kulia lilichoka na honi.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Baba, nataka kuhama chuo."

"Kimefanya nini?"

"Hakijafanya kitu. Ni masomo. Mimi siko unesi."

"Uko wapi?"

"Wameniweka kwenye Starehe."

Augustine akasogea karibu.

"Starehe gani?" Laban aliuliza polepole.

"Ndilo somo lenyewe, Baba. Usimamizi wa starehe. Viwanja, mabwawa ya kuogelea, kambi za watoto. Wanafunzi wa unesi wanaingia hospitalini saa moja asubuhi. Saa moja asubuhi sisi tunakimbia. Kocha wa zamani aliniambia nichague. Kisha akanichagulia."

"Shahada ya starehe," Nyanchama alisema. "Na wengine wanaisomea bure pale Nairobi kila Ijumaa."

"Nyamaza, mama. Jebet, endelea."

"Kuna chuo kingine, jimbo jirani. Kocha wa huko anakubali nikimbie jioni. Nafasi ya unesi ipo, ada watalipa. Lakini kocha wangu mpya wa hapa lazima anipe rilizi kabla ya tarehe moja Julai. Amekataa."

Laban alikaa wima. "Umesema akupe nini?"

"Rilizi, Baba. Wanaita hivyo."

Mama yake Jebet alipofariki, mwaka wa 2011, Laban aliomba karatasi nyingine, ya ruhusa ya kutoka nchini. Ilichelewa siku tatu. Alifika nyumbani udongo umekwisha kushindiliwa. Jambo hilo alilisema mara moja tu, kwa mtu mmoja. Lakini tangu hapo, akisikia karatasi ya ruhusa, aliuliza kwanza imekataliwaje.

"Amekukatalia kwa maneno au kwa kimya?"

"Kwa maneno. Ati mimi ndiye miguu ya timu."

"Na ukienda bila hiyo karatasi?"

"Kwenda naweza. Ila mwaka mzima sitashindana wala kupewa ada. Na bila ada, Baba, nitarudi nyumbani tu. Kwa hiyo nilikuwa nafikiria..."

"Usikimbie!" Laban alipaza sauti mpaka Wafilipino wa kwenye kivuli cha jirani wakageuka. "Jebet, unanisikia? Hata wenzako wakikimbia, wewe usikimbie!"

"Baba," Jebet alisema, "mimi nililetwa huku kukimbia."

Kule Doha, kukimbia ni kumtoroka kafili, na polisi huwa na habari yako kabla ya jua kuzama. Laban alikuwa amesahau kwamba kuna nchi watu wanakimbia kwa miguu tu. Alijifuta jasho akaanza upya, kwa utaratibu, kama anavyomhoji mgeni asiye na kibali.

"Pasipoti yako anayo nani?"

"Ninayo mimi. Iko kwenye droo."

Laban alimtazama Augustine. Augustine akatikisa kichwa: mtoto anaficha.

"Mshahara?"

"Hatulipwi, Baba. Tunasoma, tunalala, tunakula. Mwaka jana ndiyo waliruhusu tule bila kupimiwa."

"Mlikuwa mnapimiwa?"

"Tulikuwa tunapimiwa. Na mwaka huu vyuo vikubwa vinaanza kuwapa wachezaji hela kidogo ya sabuni. Chetu bado."

"Na kocha naye hapati?"

Jebet alicheka. "Yule wa mpira wa Wamarekani anapokea kuliko gavana wa jimbo."

"Na huyu wako wa zamani, aliyekuweka kwenye starehe, yuko wapi?"

"Alihama Mei. Alikuwa na mkataba wa miaka mitano, akafanya mmoja na nusu. Chuo kikubwa kikaununua."

"Nani alimpa rilizi?"

"Hahitaji, Baba. Ni kocha."

Basi Augustine hakuweza kujizuia. "Sebo, sikiliza," alimwambia Laban. Sebo kwao ni bwana. "Mkubwa anaondoka akitaka. Mdogo anaomba. Halipwi, analishwa. Hiyo si Marekani. Hiyo ni Doha yenye baridi."

Laban alimuaga bintiye. Alimwambia asigombane na mtu, asitoroke, na asisaini kitu chochote cha Kiarabu. Jebet alisema sawa.

Zilikuwa zimebaki siku tano. Kikao kilikaa pale pale ukutani.

"Kafili haombwi rilizi hivi hivi," Augustine alisema. "Mtoto amefanya makosa. Amekwenda mikono mitupu akasema nataka. Mimi nilikwenda miaka miwili. Nililia, akanipa tishu. Nikasema mama ni mgonjwa, akaniuliza mbona mwaka jana alikufa. Mwisho nikampelekea badala. Siku hiyo hiyo, mhuri, paa!"

Badala, kwa walio Ghuba, ni mtu. Ukitaka kuondoka, unamletea bwana mtu wa kukaa mahali pako, ili asiingie hasara. Augustine alimleta binamu yake kutoka Masaka.

"Na binamu anaendeleaje?" Nyanchama aliuliza.

"Hajaniongelesha tangu siku ile. Lakini hayo ni ya familia."

Laban aliyatia maneno hayo kichwani, akayageuza, akayaona mazuri. Kocha anaogopa nini? Anaogopa kukosa miguu. Basi apewe miguu mingine. Alimpigia Henry, ndugu yake, kule Nandi.

"Yule binti yako mkubwa anakimbia?"

"Akitumwa dukani? Huyo hata mbwa hamfikii."

"Anaweza kwenda Marekani?"

"Hata sasa. Amalize kukamua tu."

Mambo ya barua, nyumbani kwa Laban, yalikuwa ya mkewe. Yeye alikuwa akisimama nyuma ya kiti akisema "mwambie hivi," naye anaandika vingine, vizuri zaidi. Sasa Nyanchama ndiye aliyeshika simu. Augustine alitamka, kwa kuwa alikuwa na ujuzi. Laban aliongeza heshima pale alipoona imepungua. Nyanchama aliandika kwa Kiingereza, neno kwa neno, kama alivyoambiwa. Alijaribu kubishana mara moja tu.

"Baba Jebet, hapa pa kula, pa 'hali sana,' tunapataka kweli?"

"Paache. Bwana yeyote anapenda kujua."

Kwa Kiswahili barua ilikuwa hivi:

*Kwa Bwana Kocha mheshimiwa. Mimi ni baba wa Jebet, mfanyakazi wako. Amekutumikia miaka miwili bila mshahara na bila kunung'unika. Najua ulimlipia tiketi. Najua kwa mkataba ni wako. Nakuomba kwa magoti umwachilie. Sitaki uingie hasara. Nimekutafutia msichana mwingine wa kukaa mahali pake. Ana miaka kumi na minane. Ana nguvu, ni mpole, hali sana, na hana simu. Ukimkubali, nitahakikisha pasipoti yake inafika mkononi mwako. Ukiridhika naye, umwachilie wangu. Mungu akuzidishie. Ni mimi, Laban Chelule, Doha.*

"Nzuri," Augustine alisema. "Hata mimi ningemwachilia."

Nyanchama aliingia kwenye ukurasa wa chuo akapata anwani ya kocha. Augustine akamshika mkono kabla hajatuma.

"Ngoja. Kafili daima ana kaka mkubwa. Mdogo akikataa, mkubwa anamfokea. Tafuta kaka mkubwa."

Wakampata mkuu wa michezo. Juu yake wakampata mkuu wa chuo. Pembeni wakamwona mama mmoja mwenye cheo kirefu kilichojaa maneno ya sheria. Nyanchama akasema cheo kirefu namna hii hakiwezi kuwa cha mtu mdogo. Wakamweka naye. Barua ikaenda. Wakaingia ibadani wakiwa wepesi.

Jumamosi hakukuwa na neno. Jumapili hakukuwa. Jumatatu Laban alianza kuhesabu: kumebaki kesho. Usiku hakula. Wenzake wa chumbani kule Sanaiya, kwenye mabweni ya kampuni, walimwuliza kama anafunga Ramadhani. Akasema ni kama hiyo.

Jumanne, saa kumi na moja jioni, alikuwa kazini. Saa hiyo ya Ramadhani kila mwenye gari anakimbilia futari, na mtu mwenye njaa na honi ni wa kuogopwa. Simu zilikatazwa kazini. Ya Laban ilikaa ndani ya soksi. Ikaanza kutetemeka. Aliinama kama anayefunga kiatu.

"Baba! Uliandika nini?"

"Barua."

"Barua gani! Nimeitwa ofisini saa mbili asubuhi. Watu watano, Baba. Wamefunga mlango. Wamenipa maji. Mama mmoja wakili amenishika mkono akaniuliza kama kuna mtu anayenimiliki."

"Ukamwambiaje?"

"Nikasema sijaelewa swali. Akanisomea barua. 'Najua kwa mkataba ni wako'? Baba!"

Gari la kwanza lilipiga honi. Laban aliinua kidole: dakika moja.

"Na 'hali sana'?"

"Hiyo ni sifa."

"Wanauliza huyo msichana wa pili yuko wapi sasa hivi, na kama yuko salama."

"Yuko kwa Henry. Anakamua."

"Niwaambie anakamua nini?"

"Ng'ombe, Jebet. Huko Marekani wanakamua nini kingine?"

Magari yalikuwa manne sasa. Bwana wa gari la tatu alitoka nusu, mguu mmoja nje, akauliza kwa Kiarabu kama mlinzi amekufa akiwa ameinama. Laban alimpungia mkono kuonyesha yu hai.

"Kocha alisemaje?" aliuliza.

"Kocha alikuwa mwekundu kama nyanya. Anaapa hajawahi kuagiza msichana. Mkuu wa michezo akamwuliza, sasa kwa nini huyu umemkatalia kuondoka? Kocha akasema ni utaratibu. Wakili akasema, utaratibu huu ukisomwa gazetini pamoja na hii barua, utasomekaje? Halafu wakili akamsogezea kalamu."

"Kalamu ya nini?"

"Baba. Amesaini. Nimeachiliwa. Wale wa chuo kipya wameshaipata. Naanza unesi Agosti."

Mkono wa Laban ndio ulioitika: ulianguka kwenye kitufe ukabaki pale. Chuma kilipanda na hakikushuka. Magari saba yakapita bila kuulizwa. La nane lilikuwa lori la samaki, ambalo mlango ule haliruhusiwi hata kuuangalia, nalo likapita likinuka hadi chini kwa wenye nyumba.

"Baba? Upo?"

"Nipo. Ina mhuri?"

"Hakuna mhuri. Ni barua pepe."

"Rilizi bila mhuri?" Laban alisimama wima, soksi na simu na yote. "Jebet, rudi. Mwambie aongeze mhuri."

"Baba, huku hawana mihuri."

"Nchi kubwa namna ile!"

"Baba, asante. Kweli asante. Lakini niahidi kitu kimoja. Usiwaandikie hawa wapya."

"Hata salamu?"

"Hata salamu."

Alionywa kwa maandishi kwa ajili ya lori la samaki. Aliikunja karatasi ya onyo vizuri akaiweka mfukoni. Nayo haikuwa na mhuri, akaanza kushuku kwamba dunia nzima imelegea.

Ijumaa iliyofuata, ndani ya kanisa, mchungaji aliuliza kama kuna mwenye shukrani. Laban hakuwahi kusimama tangu aje Doha. Siku hiyo alisimama. Augustine na Nyanchama walikuwa nyuma yake.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina!"

"Mimi si mtu wa maneno. Nina binti Marekani, Jebet. Wiki hii ameachiliwa."

Akaketi.

Kisha vigelegele vilipaa mpaka kwa Wahindi wa chumba cha pili. Mchungaji aliruka kutoka mimbarini, akalia, akasema Bwana ni yule yule anayefungua milango ya chuma. Wanakwaya wakaanza wimbo wa minyororo bila kuombwa. Laban alipiga makofi pamoja nao. Aliona wamefurahi kupita kiasi, lakini alidhani ni kwa sababu nao wanajua ugumu wa rilizi.

Baada ya ibada akajiwa na Pamela, mpishi wa nyumba moja ya Al Wakrah, ambaye alimjua kwa salamu tu. Macho yalikuwa mekundu. Akamshika mikono yote miwili.

"Baba Jebet, pole. Ulibeba jambo hili peke yako! Alikaa ndani muda gani?"

Hapo ndipo Laban alipoelewa. Nyuma yake alimsikia Nyanchama akijiziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Augustine alishatoka nje, mabega yakimtetemeka. Laban alitafuta mahali pa kuanzia maelezo. Kulikuwa na kocha, na starehe, na badala, na mama wakili. Njia ilikuwa ndefu na jua kali.

"Miaka miwili," alisema.

"Walimtesa?"

Kanisani Laban hakusema uongo. Alifikiri. "Alfajiri walikuwa wanamtoa nje kwenye theluji. Kilomita kumi na tano."

"Mungu wangu! Kwa miguu?"

"Kwa miguu. Na mtu mwenye saa nyuma yake."

"Na chakula?"

"Chakula kizuri. Siku hizi hata hawapimiwi."

Pamela alitikisa kichwa. "Sasa anarudi nyumbani?"

"Hapana. Anahamia kingine, jimbo jirani."

"Kingine!" Pamela alishika kifua. "Si umesema ameachiliwa?"

"Ndiyo. Ameachiliwa aende kingine. Hiki cha pili ni bora. Kina unesi."

Pamela aliinua mikono kuelekea kwenye taa za dari, machozi yakaanza tena, ya furaha sasa.

"Ama kweli wenzetu wako mbele," alisema. "Hata wafungwa wanawasomesha!"

Laban aliichunguza sentensi hiyo kwa makini, mwanzo hadi mwisho. Hakuona pa kumsahihisha.

"Amina," alisema.